Zebaki Ilivyotoka Jikoni Kwangu

Mimi ni mama wa Kisukuma, mzaliwa wa Kahama mkoani Shinyanga, na makazi yangu kwa sasa ni Geita, upande wa Lwamgasa. Naishi kwa dhahabu. Sina duara, yaani shimo la kuchimbia, wala leseni. Nanunua mawe na marudio, yaani mchanga ulioshaoshwa na wengine, nayasagisha, naosha, nauza kinachopatikana. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya akina mama wenzangu wa mialoni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, kuanzia Mwakitolyo na Kahama hadi Nyarugusu, Mgusu na Katoro. Nimebadilika, na walio karibu nami wamebadilika. Jiko langu leo ni la ugali na mboga, halichomi tena dhahabu. Mabadiliko hayo yalianza na neno moja la Kiingereza, "mercury", ambalo kwa Kiswahili ni zebaki, kitu nilichokitumia kwa miaka mingi pasipo kujua kimebeba nini.

Nilikulia kwenye pamba. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbali, nikaolewa, na bei ya pamba ilipozidi kutuangusha tukahamia Geita kama walivyofanya Wasukuma wengi. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, lakini dhahabu yake ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani. Mgodi wa Geita wa enzi za Mwingereza ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Pembeni mwa migodi hiyo tuko sisi, maelfu ya watu wenye sululu, nyundo na mabeseni. Wanaume hushuka duarani. Wanawake wengi kazi yetu iko juu: kuponda, kuosha, na kurudia mchanga ambao wengine wameshauosha.

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze. Mawe yakitoka duarani hupondwa na kusagwa, na unga wake humwagiwa maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia. Dhahabu ni nzito, hivyo hunasa kwenye magunia pamoja na mchanga mweusi. Magunia hukung'utwa ndani ya beseni, na hapo ndipo zebaki inapoingia. Unamimina kidogo, unasugua kwa viganja vitupu, nayo inazizoa chembe za dhahabu ambazo macho hayazioni, mpaka linapatikana donge la rangi ya fedha. Unalikamua kwa kitambaa, kisha unalichoma. Zebaki inaondoka na moto, dhahabu inabaki.

Sisi tulichomea jikoni. Dhahabu haichomwi hadharani: jirani akiona umepata hata pointi mbili tatu za gramu, usiku hulali kwa wasiwasi wa wezi. Mkaa ulikuwa umeshawaka kwa ajili ya chakula, mlango umefungwa, watoto wamekaa wakisubiri kula. Mwaloni kwetu zebaki tuliiita dawa, na dawa haimtishi mtu. Niliiweka kwenye chupa ndogo juu ya kabati, karibu na chumvi.

Binti yangu ndiye aliyelichokoza jambo. Alikuwa darasa la tano, akikariri sayari kwa sauti kuanzia iliyo karibu zaidi na jua: Zebaki, Zuhura, Dunia. Akanyamaza, akaniuliza, "Mama, hii Zebaki ya angani na zebaki ya kwenye chupa yako ni kitu kimoja?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia amuulize mwalimu wake, na mwalimu, mzee aliyekaribia kustaafu, akatuma niitwe shuleni.

"Mwangaluka, mayo," akanipokea kwa Kisukuma: habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, baba."

Akaniambia swali la mtoto lilikuwa zuri kuliko alivyodhani mwenyewe. Waswahili wa pwani, waliojifunza habari za nyota kwa Waarabu, sayari hiyo waliiita Utaridi. Zebaki lilikuwa jina la metali peke yake. Wenye kutafsiri vitabu vya shule walikuta Kiingereza kina neno moja, "Mercury", kwa sayari na kwa metali pia, na hivyo jina la metali likapandishwa angani. "Kwa hiyo si kitu kimoja, mayo," akasema. "Ila waliovipa jina moja walikuwa na sababu, na sababu hiyo inakuhusu wewe kuliko inavyomhusu mtoto."

Alinieleza kwamba Mercury, au Mercurius kwa Kilatini, alikuwa mungu wa Warumi wa kale, mjumbe mwenye mbio, mlinzi wa wafanyabiashara, wasafiri na hata wezi. Jina lake linahusishwa na neno la Kilatini la bidhaa, na katika ukoo huo ndimo Kiingereza kilimotoa majina ya soko na mfanyabiashara. Sayari hiyo inalizunguka jua kwa siku 88 tu, haraka kuliko sayari nyingine zote, ndiyo maana ikapewa jina la mwenye mbio. Katika karne za kati wanaalkemia wa Ulaya waliokuwa wakitafuta namna ya kutengeneza dhahabu walipanga kila metali na mwanga wake wa angani: dhahabu na jua, fedha na mwezi, chuma na Mirihi, shaba na Zuhura. Metali inayokimbia mkononi wakaipa sayari inayokimbia. Majina mengine ya namna hiyo yalisahaulika, hilo moja likabaki kwenye Kiingereza mpaka leo. Hata Freddie Mercury, mwanamuziki aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alijichagulia jina hilo hilo.

Niliondoka shuleni nikiwa na njaa ya kujua zaidi. Mwalimu aliniazima kamusi, na mengine niliyatafuta kwenye simu usiku, kazi zikiisha. Humo nikakuta kwamba kabla ya kuiita "mercury", Waingereza waliiita "quicksilver". Sehemu ya kwanza ya neno hilo siku hizi inamaanisha upesi, lakini zamani ilimaanisha hai, yenye uzima. Warumi nao waliiita fedha hai. Neno letu zebaki tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa Uajemi, na wataalamu wa lugha wanalihusisha na neno la Kiajemi cha kale lenye maana hiyo hiyo: hai. Watu wa mataifa mbalimbali, kila mmoja kwa macho yake, waliitazama metali hii ikigawanyika vitone, ikikutana tena, ikikataa kushikika, wakasema ina uhai.

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Miaka yote nilipoona donge linapungua juu ya mkaa na dhahabu inabaki, nilisema moyoni: dawa imekwisha. Lakini kitu walichokiita hai hakimaliziki kwa kutoweka machoni. Kinahama. Basi zebaki ya miaka yote hiyo, iliyotoka kwenye jiko langu mlango ukiwa umefungwa, ilikuwa imehamia wapi?

Jibu nililipata kwenye mafunzo ya wachimbaji wadogo niliyokuwa nikiyapuuza kila yalipotangazwa, kwa kuwa kukaa kutwa kwenye kiti ni kupoteza siku ya kuosha. Safari hii nilikwenda na swali langu. Mtaalamu alitueleza kwamba zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 za sentigredi, moto ambao mkaa wa kawaida unaufikia bila shida. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, takriban asilimia 80 ya zebaki iliyomo hubaki mwilini, ikapita kwenye mapafu, ikaingia kwenye damu, ikafika kwenye ubongo na figo. Kwa mama mjamzito inamfikia mtoto aliye tumboni. Ile inayotoka nje ya nyumba hupanda angani, hurudi na mvua, huingia kwenye matope ya mito na maziwa, na humo vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine, mbaya zaidi, inayoingia kwenye samaki. Nilikaa pale nikihesabu watu waliokuwa jikoni kwangu kila nilipochoma: mimi, watoto, na mama mkwe aliyependa kuota moto.

Niliposikia hayo, habari nilizokuwa nimezisoma kama habari za mbali zilikuja karibu. Huko Hispania kuna mji uitwao Almadén, uliokuwa na mgodi mkubwa kuliko yote ya zebaki duniani, uliochimbwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Jina hilo la Almadén ni la Kiarabu, na ni ndugu wa neno letu madini. Wafungwa walipelekwa kufanya kazi humo kwa nguvu, na zebaki waliyoitoa ilivushwa bahari kwenda Amerika kukamulia fedha, kwa namna ile ile tunayokamulia dhahabu sisi. Waliokaa kwenye matanuru yake walitetemeka mwili na kuchanganyikiwa. Uingereza nako, mafundi wa kofia walitumia zebaki kuyaandaa manyoya, wakatetemeka na kubadilika tabia kwa wingi hivi kwamba mtu aliyerukwa na akili alifananishwa na fundi kofia.

Niliposoma habari za mafundi wale, kumbe nilikuwa namsoma shemeji yangu.

Shemeji alikuwa akiwachomea watu dhahabu kwa malipo, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Mikono yake ilianza kutetemeka hata chai ikawa inamwagika kabla ya kufika mdomoni. Akawa anasahau majina ya wanawe. Alikuwa mpole, akawa mtu wa hasira za ghafla. Ukoo uliketi ukasema amerogwa. Kuku na mbuzi wakaenda kwa waganga. Na kama ilivyo kwetu, jambo likisemwa limetoka kwa mtu, mtu huyo hutafutwa. Jina la bibi mmoja jirani, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi, lilikuwa limeshaanza kunong'onwa.

Msomaji wa Shinyanga na Geita hahitaji kuelezwa mnong'ono huo huishia wapi. Kanda yetu imezika vikongwe wengi waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu. Nilimwendea wifi usiku wa siku ile ile ya mafunzo. Nikamwambia, "Wifi, kabla hawajaenda kwa mganga mwingine, tumpeleke kaka hospitali, na daktari aambiwe kazi anayofanya." Ilikuwa vigumu. Wazee waliniona mwanamke wa kuja anayeleta mambo ya vitabuni. Lakini wifi alisimama nami, tukampeleka. Daktari alipoambiwa kwamba mgonjwa anachoma zebaki kila siku kibandani, aliuliza maswali mengi, akachukua vipimo, akamkataza kazi ile kuanzia siku hiyo. Shemeji aliacha. Sasa analima mihogo na kufuga. Kutetemeka kumepungua sana, hasira zimekwisha, ingawa kumbukumbu haijarudi yote. Bibi jirani yuko hai, anaota jua uani kwake, na mnong'ono umekufa. Nikiulizwa kujua maana ya neno kumenisaidia nini, namtaja huyo bibi kwanza.

Baada ya hapo niliwaita akina mama wanne watano tunaoosha pamoja. Niliwaeleza kama nilivyoelezwa, pamoja na habari za majina, kwa sababu niliona majina yanawashika watu kuliko hesabu. Wakati tulipoiita dawa, kila mtu aliishika. Tulipoanza kuiita fedha hai, inayohama kutoka mkononi kwenda hewani na kutoka hewani kwenda tumboni, mikono ilianza kusita. Tukachanga fedha tukanunua kigida.

Kigida ni chombo cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba linalopita kwenye maji baridi. Donge linawekwa ndani, mfuniko unafungwa, moto unawashwa kwa nje. Mvuke hauna pa kutokea ila kwenye bomba, na ukifika penye ubaridi unageuka kuwa zebaki tena, kama mvuke wa chungu unavyorudi kuwa maji chini ya mfuniko. Zebaki inadondokea kwenye kikombe, unaitumia tena. Huku kwetu elimu hii si ngeni: mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki ulifika Lwamgasa katika miaka ya 2002 hadi 2007, mimi nikiwa bado Kahama, na wazee wa hapa wanaukumbuka. Kilichokosekana ni sisi kuona kwamba inatuhusu.

Tulipangiana masharti manne, na baadaye nikafurahi kujua kwamba yanakataza mambo manne yale yale ambayo Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, unazitaka nchi ziyakomeshe. La kwanza, kutomwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa. Tunaosha kwanza vizuri, na zebaki inagusa ule mchanga mweusi mdogo wa mwisho peke yake. La pili, kutochoma donge wazi. La tatu, kutochomea mahali wanapoishi watu. Kigida chetu kiko mbali na nyumba, na mjamzito na mtoto hawasogei. La nne, kutopeleka kwenye sayanaidi, kemikali nyingine ya kutolea dhahabu, marudio yenye zebaki ambayo haijatolewa, maana viwili hivyo vikikutana, zebaki inayeyuka na kusafiri na maji kwa urahisi zaidi. Tukaongeza letu la tano: mikono mitupu haiingii kwenye beseni.

Vikwazo vilikuwepo. Wapo wanunuzi wanaompa mwoshaji zebaki kwa mkopo ili lazima awauzie wao dhahabu kwa bei yao, na walipoona hatukopi tena walituzira. Tulivumilia. Tangu soko la madini la Geita lilipozinduliwa mwezi Machi 2019, la kwanza la aina yake nchini, tuna mahali pa kupima kwa mizani ya wazi na kuuza kwa bei inayojulikana. Na kwa kuwa kigida kinarudisha zebaki nyingi, haja ya kukopa imepungua yenyewe. Waume walilalamika kwamba kigida kinachelewesha. Wangu nilimwonyesha kikombe chenye zebaki iliyorudi, nikamwambia, "Baba Nkwimba, hii yote ilikuwa inaingia kifuani mwetu." Hakulalamika tena.

Najua kigida si mwisho wa safari. Bado tunaishika zebaki, ingawa kidogo, na lengo letu ni kuiacha kabisa. Vituo vya mfano vya Lwamgasa na Katente, vilivyo chini ya shirika la madini la taifa, STAMICO, vinafundisha uchenjuaji usiotumia zebaki, na kikundi chetu kinajipanga kukusanya mawe ya kutosha ili tuyapeleke huko kwa pamoja. Huko Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wanaiyeyusha dhahabu kwa boraksi pasipo tone la zebaki, na wamefanya hivyo kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo anayesema dhahabu ya mtu mdogo haipatikani bila zebaki hajaona yote.

Jina la Minamata nalo nataka akina mama walijue. Ni mji wa pwani huko Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Paka walianza kuruka kama waliopagawa, kisha watu wakashindwa kutembea na kusema, na watoto wakazaliwa na ulemavu ingawa mama zao walionekana wazima. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Wavuvi wale hawakuchimba dhahabu wala hawakuishika zebaki; walikula samaki tu. Mkataba wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwezi Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoingiza hewani zebaki nyingi kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu, zaidi ya theluthi ya yote. Hao wachimbaji wadogo ni sisi. Sisemi hivyo kwa kutulaumu, maana tunatafuta chakula cha watoto. Nasema kwa sababu jambo lililo mikononi mwetu tunaweza kulipunguza wenyewe, kuanzia jioni ya leo.

Nimesimulia haya mbele ya akina mama kanisani na kwenye mikutano ya kijiji, na nitaendelea. Mama mwenzangu, toa chupa ile kabatini. Mfundishe mtoto wako kwamba ni zebaki, ni sumu, na si dawa. Mkiwa wanne au watano, changeni mnunue kigida, na mkitengee mahali mbali na nyumba. Mafunzo yakitangazwa, acha beseni siku hiyo uende. Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayetetemeka, anayesahau, aliyebadilika tabia, usikubali jina la jirani yeyote litajwe. Mpeleke hospitali, na ukifika mbele ya daktari, kitu cha kwanza umwambie ni kazi ambayo mgonjwa wako amekuwa akiifanya.